Usiseme Asante Mapema

Barua ya kwanza ilianza na "Mheshimiwa sana Profesa",
ikatembea kurasa mbili isifike popote.
Nilisema nimeyapenda madinosauri tangu utotoni.
Nani hakuyapenda? Hata mtoto wa muuza nyama
hulala na moja la plastiki chini ya mto.
Kimya.

Ya pili niliikata kiuno.
Ya tatu nikaipeleka kwa mwingine, Neuquén,
nikasahau kubadilisha jina la yule wa mwanzo;
mpaka leo nikilikumbuka hilo masikio huniwaka.
Ya nne, ya tano, sizitaji.

Nilikuwa na wiki tatu Trelew, mgeni kutoka Ica,
nalala jikoni kwa shangazi Domitila
anayeamka saa tisa usiku kuoka mikate ya watu.
Aliisoma ya tano, unga umemjaa hadi viwikoni:
"Nilda, umesimama mlangoni kwa mtu
unausifu mlango. Mwambie umeona nini."

Nimeona nini?

Nimeona jino. Makumbushoni, kabati la tatu, chini kushoto.
Lebo inasema ni la mla majani,
na ukingo wake umekerezwa
kama kisu cha shangazi cha mikate.
Nilirudi mara nne na rula na penseli,
mlinzi akaanza kuniamkia kwa jina.
Vijimeno kumi na vitatu kwa kila nusu sentimita.
Nilivihesabu nikipumua juu ya kioo, nikikifuta, nikihesabu tena.

Barua ya sita: mistari sita na mchoro mmoja.
Jibu likaja usiku wa manane:
"Pengine umekosea. Njoo Alhamisi. Vaa viatu vikuukuu."

Alhamisi upepo ulitaka kunivua koti.
Nikashuka ngazi hadi chini ya jengo, nikimtafuta Profesa Bertolotti,
nikampita bila salamu mzee mwenye aproni ya plasta
aliyekuwa akisugua mwamba kwa mswaki.
Nilidhani ni mfagizi.
Ni Hilario. Nusu ya mifupa iliyomo humo
ilitoka ardhini kwa mikono yake.

Wakaketi kuzunguka jiko, watu watano, kibuyu kimoja cha mate,
bomba moja la chuma, kinywa hadi kinywa.
Zamu yangu ikafika. Chungu, moto, nyasi tupu.
Nikanywa yote. Nikasema, kama nilivyolelewa, "Asante."

Kibuyu kikazunguka, kikaniruka.
Kikazunguka tena, kikaniruka tena.
Nikaitazama sakafu. Basi, nikawaza,
hivi ndivyo watu wa elimu wanavyomfukuza mtu,
bila neno, kwa maji ya moto.

Ni Hilario aliyenionea huruma, yule niliyempita:
"Binti, huku anayesema asante amesema ametosheka.
Umetosheka?"

Sijatosheka. Nilisema kwa sauti, watu wakageuka.

Ndipo Profesa akavuta droo, akaliweka jino kiganjani mwangu,
jepesi kuliko nilivyoliota.
"Si la mla majani," akasema. "Hapo tulikosea sisi, miaka kumi na tisa.
Na si la dinosauri wako pia. Tazama mzizi.
Huyu ni mamba, mamba wa nchi kavu, mwenye miguu mirefu."
Akanipa kadi tupu. "Andika lebo. Kwa penseli,
maana kesho atakuja mwingine kama wewe."

Nikaandika. Mkono ulitetemeka kwenye herufi ya M.
Akauliza kwetu kuna nini.
Nikamwambia: jangwa, mizabibu, na nyuma ya mizabibu
taya la nyangumi ambalo baba hulitumia kama kiti.
Hakucheka. Alivua miwani. "Kiti," akarudia,
akasogeza stuli yake karibu na yangu.

Hilario akajaza maji, akaninyooshea kibuyu.
Nikanywa mpaka bomba likakoroma.
Nikakirudisha
nimefumba mdomo.